Bukle za Mama

Ua la mama, masista wa parokia waliliita fushia. Bamama wa kwetu Fizi, kule mulimani kwenye baridi, waliliita bukle, kwa sababu linaning'inia kama hereni, jekundu nje, zambarau ndani. Mama alipewa tawi na masista hao kabla mimi sijazaliwa. Halipandwi kwa mbegu, unakata tawi, unalichomeka penye kivuli, basi. Mama hakumunyima mwanamke yeyote aliyeomba, na mtaa wetu wote ukawa na bukle nyuma ya jikoni, pale maji ya vyombo yanapomwagwa.

Kisha vita. Tulikimbia, na tuliporudi bustani zote zilikuwa vichaka. La mama peke yake lilibaki. Mama alipokufa, ndugu zangu wakauza kiwanja, na nikasikia mununuzi amefyeka kila kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshakata tawi, nimeshuka nalo Baraka, mji wa ziwani nilikoolewa, kwa bwana yangu, ambaye naye hakukawia kufa. Watoto wako Uvira na Bukavu. Nikabaki na bukle.

Baraka ni joto, jamani. Nililipanda katika bido iliyokatwa, dumu la zamani la mafuta, karibu na mtungi, mchana nalifunika kitambaa chenye maji. Jirani yangu alinicheka: "Mama, ile maua unaichunga sawa mutoto wa homa." Nikamwambia achunge mambo yake. Lakini majani yalizidi kudondoka, kikabaki kijiti. Nililia, mtu mzima mimi. Likifa hili, bukle ya mama imekwisha, na mimi sina kingine chake.

Nikapanda pikipiki mpaka Fizi, kulirudisha kwenye baridi. Mwanamke aliyenunua kiwanja, wa rika la binti yangu, alinipa kiti. Nikamuomba kona ndogo ya kupanda. Akaangalia bido yangu, akacheka kidogo.

"Mama, hii iko mingi huku nyuma."

Nyuma ya jikoni bukle zilikuwa zimefika dirishani. Shina la zamani lilichipua lenyewe, na yeye hulimwagia maji ya vyombo bila kufundishwa na mtu. Majirani ameshawagawia.

Nilifurahi, kweli nilifurahi. Na moyo uliniuma, maana miaka yote hiyo nilikesha na kitu ambacho hakikunihitaji.

Akaleta kisu. "Nikukatie tawi, mama, uende nalo kwako?"

Aliniuliza kwa heshima, vile unamuuliza mugeni. Nikamwambia aache, kwangu kuna joto. Nikachomeka kijiti changu kati ya yale mengine, nikashuka Baraka na bido tupu.