Mkanda Uliokatikia Ukweni

Tuliondoka Voi alfajiri kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Baba mkwe wangu wa Rangwe alikuwa ametuma habari kwamba wakwe wa binti yetu Neema hawawezi kuleta mahari kwetu kabla sijamaliza ya mama yake. Kwao Wajaluo ndivyo ilivyo. Nilikuwa bado nadaiwa mtamba mmoja, na wakwe wa Neema walikuwa wamechoka kungoja. Mke wangu Akinyi alitaka twende kwa basi. Nikakataa. Nilikuwa nimenunua gari, nao walione.

Baada ya kulala Nairobi tulishika njia ya Kericho. Huko nilimwonyesha Akinyi mashamba nilikochuma chai ujanani, na mjini Kisii nyumba niliyopanga nilipokuwa nikiuza mitumba.

"Wewe kila mahali uliwahi kukaa," akasema, "na kila mahali ulihama."

Mchana tukafika Rangwe. Niliingiza gari mpaka katikati ya boma, kuku wakatawanyika. Mzee alipokea bahasha yenye thamani ya mtamba, akahesabu mbele ya ndugu zake, akasema, "Ber," yaani vizuri. Mama mkwe alinisalimu kutoka mlango wa jikoni. Desturi inamtaka akae mbali na mkwe wake, asile naye, wala mmoja asiguse kitu cha mwenzake. Tukala, tukashukuru, tukaaga.

Alasiri nilipowasha gari lililia kama paka aliyekanyagwa, kisha kitu kikapasuka. Lilikuwa gari lisilo na fenibelti mbili tatu kama magari ya zamani, bali mkanda mmoja mrefu unaozungusha kila kitu. Ouma, ndugu ya Akinyi, aliuokota.

"Yawa! Shemeji, hii mkanda ni refu kama kesi ya shamba!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini jua lilikuwa likishuka, na mkwe halali kwao mkewe. Wazee walianza kutazamana. Nikakumbuka madereva wa kwetu wanavyofunga soksi ndefu za wanawake mahali pa fenibelti. Bila kuuliza mtu, nikavuta kitambaa cheupe kwenye kamba ya nguo, nikakisokota na kukipitisha kwenye puli, vile vigurudumu vinavyoshika mkanda. Injini ikanguruma, ikakitafuna, ikazima.

Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wakikitazama kile kitambaa.

"Baba Neema," Akinyi akasema polepole, "hiyo ni shimizi ya mama."

Mama mkwe aliingia ndani akafunga mlango. Mzee alitazama miguu yake. Mimi nilibaki nimeinamia injini, mafuta mpaka viwikoni, nikibandua vipande vya nguo ya ndani ya mama mkwe wangu mbele ya watu wote. Nilitamani boneti ile inifunike.

Jioni vijana walisukuma gari mpaka sokoni. Nililala peke yangu katika chumba cha kukodi. Akinyi alibaki kwao, hakutaka hata kuniangalia.

Asubuhi Ouma alinisindikiza Homa Bay. Katika maduka yote walipima mkanda wetu uliokatika, wakatikisa kichwa. Tukaenda Migori, na huko mwuza vipuri mmoja alikuwa nao.

"Mkanda ni elfu mbili mia tano," akasema. "Lakini kama gari lililia unavyosema, puli ya kukaza mkanda imekufa pia. Na fundi je? Weka elfu sita yote pamoja, omera, ndugu yangu."

Sikuwa hata na elfu mbili. Ouma akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha. Ilikuwa ile yangu ya mahari.

"Mzee amesema ikishindikana, tumia hii, uende nyumbani. Ng'ombe utaleta siku yako." Akashusha sauti. "Na kuna mbuzi ya kusafisha ile maneno ya nguo. Hiyo pia siku yako."

Sijawahi kuona aibu kama ile: kurudishiwa mahari na mkwe niliyemvulia nguo mke wake kambani. Na siku yangu ningeipata wapi? Nikamrudishia Ouma bahasha. Nikamgeukia mwuza vipuri.

"Gari lenyewe je, utanunua?"

Alikuja Rangwe na pikapu yake, akalizunguka, akataja bei ya kutukana. Nikakubali. Akalifunga kamba na kulivuta, nami nikanunua mbuzi na shimizi mpya, nikampa Ouma apeleke pamoja na bahasha, kwa kuwa sikuweza kukanyaga lile boma. Aliporudi alikuja na Akinyi.

"Mzee amepokea," Ouma akasema. "Neema aolewe. Lakini shemeji, siku nyingine kuja kwa miguu!"

Akinyi alicheka, mara ya kwanza tangu jana yake. Mimi sikuweza. Tukapanda basi.

Hiyo ndiyo siku niliyoondoka Rangwe, na sijarudi. Neema aliolewa, na kwenye shughuli za ukweni kwangu huenda mama yake peke yake. Mimi husema nina kazi. Nilikuwa nimebeba mtamba mzima ndani ya bahasha. Mtamba huyo angeingia mfukoni mwa shati, angefika kwa basi, na hakuna ambaye angemwona ila mzee aliyekuwa akimngoja.