Aliyekiogopa Kinywa Chake

Habari za kifo chake zilinifikia Jumapili, nikitoka kanisani Ntinda. Huenda ninyi wasomaji wangu hamkulijua jina lake, lakini ndege zake za mizigo mliziona zikipita. Alikuwa Mkenya aliyehamia Kampala baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1986, akauza vipuri vya malori, kisha akakodi ndege moja kuukuu. Barabara za kaskazini zilikuwa hazipitiki kwa sababu ya waasi, na mashirika ya misaada yalitaka unga na dawa vifike. Akapata mkataba, ndege moja ikawa tatu, na sisi jirani zake wa Bukoto tukajivuna kana kwamba ni zetu.

Msimu mmoja wa mvua nilikuwa ofisini kwake wakati rubani wake, Mnubi wa Bombo, alipopiga simu. "Mzee, uwanja wa kule ni matope matupu. Tungoje kesho." Naye akajibu, "Tukingoja, mkataba watapewa wengine. Nenda." Ndege iliteleza ikitua, ikashika moto. Rubani hakutoka. Wachunguzi waliulaumu uwanja, mwenyewe hakukubali. Kazi ilikuwa bado ipo, lakini alirudisha ndege ya kukodi, akauza ile nyingine iliyobaki, akawatafutia watu wake ajira kwingine. Mjini wakasema amefilisika. Mimi aliniambia, "Sikufilisika. Nilikiogopa kinywa changu."

Kila Idi alikwenda Bombo kumwomba radhi mjane wa rubani. Mwaka mmoja nilipomsindikiza, mama yule alimkatiza kabla hajaketi. "Ssebo, samahani zako zimenichosha. Kila mwaka unanifanya nimzike upya. Leo kaa, ule, uniambie alikuwa anacheka vipi huko kazini." Alibaki amesimama, kofia mkononi. Kisha akakaa, akasimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiimba kwenye redio ya ndege mpaka waongoza ndege wakamsihi anyamaze. Watoto walicheka sana. Yeye ndiye aliyelia.

Sijui kama alifanya vyema kuifunga kampuni. Huko kaskazini wapo waliolala njaa kwa sababu ya majuto yake, na hilo pia lilimtafuna. Ila najua mji huu umejaa wakubwa wanaosema "nenda" wakiwa wameketi. Anayeamuru hubaki kwenye kiti. Anayetii ndiye anayepanda ndege. Kabla hujamtuma mwenzio, jiulize kama ungekwenda naye.