Bunduki ya baba tuliyoambiwa ni ya Mjerumani na ina zebaki kitakoni

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, waliobaki marahaba.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sentensi ikipinda msinisumbue. Lakini mashine za kusaga zinazonguruma hapa Kamunyonge ni zangu na hakuna mtu alinipa. Nilianzia mnadani Mugeta, nanunua ng'ombe nauza. Kuthaminisha kitu ndiyo kazi iliyonilisha.

Twende.

Mwaka huu baba yetu amefariki, kijijini Butiama. Alikuwa mzee wa siku nyingi, tulimzika vizuri.

Kwenye ukoo wetu vitu vya kiume vya marehemu haviguswi siku ya mazishi. Mkuki, upinde, vinakaa darini vimefungwa kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka ukoo ukae. Halafu mtoto wa kwanza wa kiume anafungua mbele ya watu wote. Wa kwanza ni mimi.

Nikafungua. Mkuki, upinde, na bunduki.

Hakuna aliyeshangaa. Baba alikuwaga mkufunzi wa mgambo enzi hizo, na kila mtu alijua ana bunduki. Wezi wa ng'ombe wakianza kuvuma, alikuwa anaketi nayo mlangoni pa zizi mchana kweupe, ili wapita njia waione. Majirani waliswagiwa ng'ombe. Kwetu hata ndama hakuibwa.

Sasa ilibakije kwake baada ya mgambo, alikuwa na kibali au hana, sijui na sitawatungia.

Shangazi Nyangeta, mdogo wake baba, akasema, "Msimwelekezee mtu hiyo kitu. Rudisheni kwenye ngozi, kesho ipelekwe serikalini."

Tukarudisha. Kumbe mdogo wangu Wambura ameshapiga picha kwa simu.

Wambura ni mtu mwema, ana mke na watoto bado wadogo. Shida yake anapenda utajiri wa kuamka nao. Ile picha akaituma kwa dalali mmoja wa Bunda, wale wanaozunguka kutafuta cherehani za zamani na rupia za Mjerumani.

Dalali akamjibu kwamba hiyo ni ya Mjerumani na kitakoni waliwekaga zebaki. Itikise. Ukisikia kitu kinacheza, usimwambie mtu, hiyo ni bei ya Fuso mpya.

Wambura akaitikisa. Ikacheza. Koch, koch.

Asubuhi naenda kuichukua nimpelekee mwenyekiti wa kijiji, nakuta ngozi iko tupu.

"Shangazi, Wambura yuko wapi?"

"Kaondoka na pikipiki, anaenda Bunda. Kabeba gunia la udaga."

"Udaga wa kupeleka Bunda? Bunda mihogo mikavu imekwisha?"

Shangazi akaniangalia. Na mimi nikamwangalia.

Wakuu, hesabuni wenyewe. Bunduki isiyo na karatasi, imo kwenye gunia, iko barabarani. Akisimamishwa, nani atamsikiliza akisema ni ya marehemu baba? Huku kwetu Mara neno bunduki halina utani. Mtu anaingia ndani watoto wananyonya, anatoka wameshaoa.

Napiga simu, haipokelewi. Nikawasha pikapu.

Nilimkuta njiani kwenye kibanda cha chai. Anakula andazi. Gunia limefungwa kwenye keria limesimama wima kama mtu. Jamani, udaga gani unasimama hivyo?

"Shikamoo kaka," ananisalimia, mdomo umejaa.

"Marahaba. Pakia pikipiki kwenye gari. Na hilo gunia."

"Kaka, wewe una mashine zako. Mimi mashine yangu ndiyo hii."

Lilinichoma hilo, sidanganyi. Lakini sikupandisha sauti, watu walikuwepo.

"Umetembea na mimi minada yote. Kabla hujataja bei ya ng'ombe unaangalia nini?"

"Chapa."

"Hii umeangalia chapa yake?"

Akageuka kulitazama gunia.

"Basi panda tukaangalie. Ikiwa ya Mjerumani nitaongea vingine."

Nilisema hivyo ili apande tu. Akapanda. Tukageuza kuelekea nyumbani, nikaegesha mahali hakuna watu. Nikafungua mdomo wa gunia, kitako kimechomoza kwenye udaga, nikapangusa grisi kwa kitambaa, nyuma ya kifyatulio, pale chuma kinapokutana na mbao.

Taji. Chini yake herufi G na R. Pembeni mshale mfupi kama unyayo wa kuku.

Lile taji nalijua. Lipo kwenye senti za tundu za Mwingereza, mama alikuwaga nazo kwenye shanga zake.

"Huyu ng'ombe ni wa Mwingereza," nikamwambia. "Dalali wako amekusomea chapa ya zizi lingine."

"Na kinachocheza kitakoni?"

"Hicho atafungua mwenye kazi yake."

Tukampitia mwenyekiti wa kijiji, tukaenda naye polisi. Humu kuna watu wataniambia ningeitupa porini nisijitafutie kesi. Aiokote nani? Mtoto wa mtu? Niliogopa, lakini nilikwenda.

Tulieleza yote, hata safari ya Bunda. Mkuu wa kituo akamtazama Wambura mpaka akainamisha kichwa.

"Wewe ungekutwa nayo kule mbele, saa hizi tungekuwa tunaongea lugha nyingine."

Akaitwa askari wa ghala la silaha. Akaelekeza mdomo wa bunduki chini, akavuta bolti, akachungulia. Hakuna risasi. Akaiangalia tena, akaanza kutabasamu. Akachukua njiti ya kiberiti, akaipitisha ubavuni pale risasi inapokaa. Njiti ikatokea ndani.

"Mzee, hii imetobolewa. Na pini ya kugonga risasi imekatwa. Ni ya Mwingereza kweli, lakini ya gwaride. Zikichakaa waliziharibu hivi makusudi, watu wajifunzie kubeba begani tu."

"Kwa hiyo hailii?" nikauliza.

"Hii haijalia tangu mimi sijazaliwa."

Kwenye chuma cha kitako kuna kijifuniko. Akakibonyeza kwa kucha, akainamisha. Kikatoka kichupa cha shaba na kamba ya kusafishia mtutu.

Wambura akanyoosha shingo. "Zebaki?"

"Mafuta ya bunduki. Nusa."

Wakuu, Wambura akanusa! Mwenyekiti alicheka mpaka akashika meza.

Mimi mfanyabiashara, nikauliza thamani yake. Yule askari akasema huko nje wapo wanaopenda kutundika za hivi ukutani, ila hata wao ya kutobolewa wanaipa bei ya mwisho. Hapa kwetu haina soko, na kujaribu kuiuza ni kesi. Tukaandika maelezo, bunduki ikabaki. Mkuu wa kituo akasema, "Mmesalimisha wenyewe. Nendeni mkapumzike."

Lile neno nendeni, sijawahi kusikia neno tamu namna hiyo.

Njiani Wambura akasema, "Kaka, simama." Akashuka, akainama, mikono kwenye magoti, anahema tu. Nikamwacha. Kisha akampigia dalali. Yule kusikia polisi, simu ikakatika mpaka leo.

Nyumbani shangazi alikuwa amekaa palepale nilipomwacha. Tukamweleza.

"Hailii?"

"Hailii, shangazi."

"Hata zamani?"

"Hata zamani."

Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. "Ndiyo maana! Kwenye harusi vijana walimbembeleza apige moja hewani, akawaambia bunduki siyo ngoma. Alijua! Kaka yangu kalinda ng'ombe wote wale na mwichi!"

Funzo langu ni fupi. Mzee akiacha silaha darini, mpigieni mwenyekiti na polisi siku hiyohiyo, msilale nayo hata usiku mmoja kama sisi. Na kitu usichojua chapa yake usikubali bei ya mtu wa kwenye simu.

Thamani ya ile bunduki nimeshaijua. Ni ng'ombe wa baba iliowalinda, ndio walionipa mtaji wa kwanza, japo pale juu nilijisifu hakuna mtu alinipa.

Ule udaga nimeusaga mwenyewe hapa Kamunyonge. Jana Wambura kaja kuchukua unga, anapiga mluzi. Nikamuuliza, "Bunda huendi tena?" Akasema, "Kaka, niache nikasonge ugali na wanangu."

Mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe, nipo. Wa kuniomba namba ya dalali wa zebaki, huyo apite kushoto.