Nyongeza ya Kipofu

Marijani alikuwa mbishi, tena mbishi hasa. Mzanzibari huyu, raia wa Marekani tangu siku zake za ubaharia, aliishi Guangzhou akifanya uwakala: wafanyabiashara wa nyumbani walimtuma awachagulie nguo. Waliliamini sana jicho lake, kumbe jicho lenyewe lilikwisha zamani! Aliyejua ni Nahla peke yake, mpwa wake, aliyemjazia fomu za kodi za Marekani kila mwaka, maana Wamarekani hawamwachi raia wao hata akihamia Uchina.

"Mjomba, nisikilize," Nahla alisema. "Kila mtu ana sehemu ya kipato isiyotozwa kodi. Aliyefika miaka sitini na mitano huongezewa sehemu hiyo. Kipofu naye huongezewa."

"Sitini na mitano si nimeshapita?"

"Kwenye pasipoti bado. Si ulijipunguzia miaka ili upate kazi melini?"

Marijani akasonya. Ujana una mambo!

"Basi imebaki ya upofu. Si lazima uwe gizani kabisa. Daktari akithibitisha kwamba hata kwa miwani huoni ila kidogo sana, inatosha."

"Nijiandikishe kipofu? Wateja wakisikia, nitakula wapi?"

"Watasikia wapi, Mjomba? Hii ni siri yako na watu wa kodi."

"Nimesema acha, Nahla!"

Nahla akakunja makaratasi yake. Marijani alijua amemuumiza, lakini hofu ya kukosa wateja ilimshinda.

Kesho yake alikuwa Barabara ya Zhanqian, penye maduka ya nguo za jumla, na Heriel, mteja wake wa Moshi aliyekuja mwenyewe safari hii, akipapasa jinzi na kuzisifu rangi asizoziona. Mwaka ule, 2009, misako ya viza ilikuwa haiishi. Ghafla watu wakatimua mbio. Yeye, mwenye viza yake halali, akimbie nini? Akabaki palepale. Akasikia mtu akifoka kwa Kichina, asijue anafokewa nani. Mara akakamatwa ukosi, akabamizwa ukutani.

"Mzee, mpe polisi pasipoti!" Heriel akapiga kelele. "Si huyo mbele yako, amekunyooshea mkono!"

"Simwoni!" Marijani akalia. "Mwambie sioni, jamani! Mimi kipofu!"

Heriel akamtolea pasipoti mfukoni, akaeleza kwa Kichina chake cha sokoni mpaka polisi akaenda zake. Marijani akajinyoosha ukosi, aibu imemjaa.

"Mzee Marijani," Heriel akasema polepole, "ile mizigo yangu yote ya mwaka huu, nani alinichagulia?"