Mama Ana Wasiwasi Mno

Mtaani walimwita Fundi Sponji, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa mwanamke pekee katika safu ile ya karakana za samani, na makochi yake yalijulikana: ukiyakalia hayabonyei upande mmoja, na kitambaa kimevutwa sawasawa mpaka kwenye kona. Alipojifungua binti yake wa kwanza alikuwa na miaka thelathini na minne. Alidhani mtu aliyezoea kung'ang'ana na springi zilizolegea hatashindwa na kiumbe cha kilo tatu.

Wiki ya tatu mambo yakaanza. Mtoto hakucheua kama watoto wengine, wanaotoa matone mawili begani kisha basi. Alinyonya kidogo, akaliachia titi ghafla, akajipinda kinyumenyume kama upinde na kulia kilio cha mtu aliyechomwa. Kisha maziwa yalirudi, mengine kupitia puani. Ukimlaza anapaliwa, ukimwinua anatulia kidogo.

Basi Fundi Sponji akawa mama wa kusimama. Alikula amesimama, alipokea wateja amesimama, mtoto kifuani na taulo begani. Lakini kazi yake ni ya kuinama, na akiinama tu mtoto anabanwa tumbo, kila kitu kinatoka. Akajifunza kupiga pini kwenye fremu akiwa amepiga magoti, mgongo umenyooka kama wa mtu anayekula kiapo. Ndoo ya gundi aliihamishia uani, harufu isimfikie mtoto.

Mteja mmoja alirudisha kiti. "Fundi, hiki kinanuka maziwa."

"Kianike juani," akamjibu. "Mimi ninayenuka zaidi, nani ataniweka juani?"

Nyumbani mama mkwe wake alikuwa na lake. "Maziwa yako mazito, mwanangu. Mimi nimezaa saba, hakuna aliyelia hivi."

"Basi, mama, mchukue huyu awe wa nane, umnyonyeshe wewe."

Alijuta kabla hajamaliza kusema, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Bibi wa watu aliinuka akaenda zake uani.

Wiki ya nne alikwenda kliniki. Sista aliyekuwa zamu hakuinua hata uso. "Watoto wote wanacheua, mama. Hiyo ni kazi ya kufua tu." Akarudi wiki iliyofuata, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu alieleza tena kila kitu, na akauliza swali moja la maana: je, amkatie mtoto sponji la mteremko alalie, kichwa kiwe juu? Sista akamwambia apunguze mawazo, akaandika kitu kwenye kadi, akaita anayefuata.

Fundi aliisoma kadi akiwa kwenye benchi la nje. *Mtoto mzima. Mama ana wasiwasi mno.*

Tangu siku hiyo, kila aliyeifungua kadi aliyasoma maneno hayo kwanza, kisha akainua macho na kutabasamu. Tabasamu lile! Walimuuliza kama analala vizuri. Wakamuuliza kama ana amani na mumewe. Hakuna aliyemuuliza habari za mtoto, ambaye mstari wake wa uzito, kwenye ukurasa uleule, ulikuwa umelala kama meza. Ziara ya nne ikapita, na ya tano. Nyongo ilimpanda, akaimeza, akarudi kwenye pini zake.

Wiki ya kumi na mbili alipata kazi ya viti vya ukumbi, akashindwa kutoka. Mumewe alikuwa msomaji wa mita za maji. Akaomba ruhusa kazini, akamchukua mtoto, akaenda naye akiwa na shati lake la kazi, kitambulisho shingoni na kalamu mbili mfukoni. Hata saa sita haijafika, huyo amerudi na chupa ya dawa na karatasi ya maelekezo.

"Ni asidi ya tumboni," alisema, anacheka kwa furaha. "Inampanda kooni, inamuunguza. Wametupeleka kwa daktari palepale."

Mkewe aliweka chini mashine ya pini. "Uliwaambia nini?"

"Yaleyale unayosema wewe. Akinyonya anajipinda, maziwa yanatoka puani, haongezeki uzito."

"Uliwaambia mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Mimi nimesema wiki nane."

"Sasa si amepata dawa, mke wangu? Hilo ndilo muhimu."

"Ndiyo. Ndilo muhimu. Sasa usiniambie neno lingine lolote."

Akaisoma karatasi. Mnyonyeshe kidogo kidogo. Mshike wima nusu saa baada ya kunyonya. Hayo alishayagundua mwenyewe, kwa magoti yake. Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili: alazwe chali, mahali tambarare, bila mto wala mwinuko, kwani mtoto huweza kuteleza na kuzibwa pumzi. Lile sponji la mteremko alikuwa amelikata, na asubuhi moja alimkuta mtoto ameserereka mpaka chini, kidevu kimegandamana na kifua. Alikuwa ameuliza! Aliuliza kwa mdomo wake, akaambiwa apunguze mawazo. Alilichanachana sponji lile kwa kisu cha kazi, vipande vikajaa sakafuni.

Kesho yake mama mkwe ndiye aliyemwona anavaa viatu. "Unakwenda wapi na uso huo?"

"Kliniki, mama."

Bibi akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Nenda kaseme."

Alipita foleni yote, akaiweka kadi mezani mbele ya sista yuleyule. "Nataka ufute hapa."

"Kadi haifutwi, mama. Ni kumbukumbu."

"Basi andika chini yake."

"Mama, kuna foleni."

"Foleni hiyo nimekaa mara tano. Leo na yenyewe inisubiri."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Mwacheni aseme."

Sista alikuwa msichana tu, macho mekundu kwa uchovu. "Siku ile nilipima watoto themanini," alisema kwa sauti ya chini.

"Na wangu ulimpima. Tazama. Kalamu yako ndiyo iliyochora mstari huu uliolala, na kalamu hiyohiyo ikaandika mtoto mzima."

Sista aliutazama ule mstari, akavuta kalamu. Hakuomba radhi. Akaandika kwamba mama alieleza dalili hizi.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

Sista akaongeza: *tangu wiki ya nne.* Akatia sahihi na tarehe. Fundi alitoka bila kushukuru. Alitarajia kifua kingekuwa chepesi. Hakikuwa.

Dawa haikufanya miujiza. Baada ya wiki mbili mtoto alianza kunyonya bila kujipinda, na uzito ukapanda, taratibu. Kucheua kuliendelea mpaka alipojua kukaa mwenyewe, na kulikoma kabisa karibu na mwaka.

Mumewe ndiye aliyenuniwa zaidi. Siku nne aliambiwa "chakula hiki hapa" na si zaidi. Ya tano akauliza, "Nifanye nini sasa?"

"Ukisikilizwa wewe mahali, waulize kwa nini mimi sikusikilizwa."

Akalishika hilo. Mwezi uliofuata walikwenda kliniki wote wawili, na daktari akamgeukia yeye: "Haya baba, mtoto anaendeleaje?"

"Muulize mama yake," akajibu. "Mimi nasoma mita."

Binti ana miaka miwili sasa, na hupanda makochi ya wateja na viatu vyake. Fundi humfokea mpaka mtaa unasikia. Wenzake wa karakana husema tangu ajifungue amekuwa na ulimi mkali. Akiambiwa hivyo hakatai. Husema ni kweli, na kwamba alichelewa tu kuunoa.