Mchanga Mweusi Niliouosha Mara Tatu

Mwaka ule mama alikuwa na vidonda vya sukari miguu yote miwili, bandeji kuanzia vidoleni hadi chini ya magoti, na daktari alikataza maji yasiguse hapo hata tone. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuoga tu. Kwa mama lilikuwa jambo la sala. Uso aliosha, mikono aliosha, lakini udhu ukifika miguuni unakwama, na unapokwama dini inataka utayamamu: upige viganja kwenye udongo safi, upake uso na mikono. Sasa niambie, udongo safi utaupata wapi hapa Brussels, mtaa wa Saint-Josse, ghorofa ya tatu? Bustani ya karibu ni choo cha mbwa. Udongo wa maua wa dukani una samadi. Vumbi la nyumba, alisema mwenyewe, ni nywele na nyuzi za zulia.

Akawa anasali hivyo hivyo, kisha anarudia, kisha anarudia tena. "Sala zangu zinabakia mu hewa," aliniambia siku moja. Nilikuwa nimetoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, nimeinua watu tangu alfajiri, na hasira zangu haziko mbali siku zote. Nikamjibu, "Mungu anaziona hizo bandeji, maman. Acha kujisumbua na kutusumbua." Siku mbili hakusema nami zaidi ya "chukua" na "leta".

Ndipo mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa kisiwa cha Reunion, akanialika kwao wiki mbili. Dada yangu akaja kukaa na mama, nami nikapanda treni hadi Paris, halafu ndege, saa kumi na moja hewani. Nilifunga safari na wazo moja kichwani: visiwa vina mchanga.

Siku ya tatu mwenzangu alinipeleka kwanza juu, kwenye volkano. Barabara ya lami ikaisha, tukaingia uwanda mpana usio na jani, rangi ya kahawa iliyochomwa, na gari nyuma yetu likavuta wingu la vumbi. Tulitandika kitenge changu chini tukala mkate na samaki wa kopo. Upepo ulitupiga mpaka meno yakasaga mchanga. Nilikikunja kitenge kikiwa kichafu vile vile, nikakitupa kwenye begi, tukashuka baharini.

Ufuko wenyewe sijui nikueleze vipi. Mchanga ulikuwa mweusi. Si wa kijivu, si wa hudhurungi, mweusi kama sufuria ya kuni, na ukiuinamia unaona chembe za kijani zikimetameta ndani yake. Povu la mawimbi lilipanda juu yake jeupe kabisa, likakaa kidogo, likanywewa. Jua lilikuwa la saa sita na mchanga ulichoma, nikaruka ruka kama kuku hadi kivulini mwa mivinje, mwenzangu akanicheka hadi akakaa chini. Kisha nikajilaza. Joto likanipanda mgongoni polepole, sauti ya maji ikaja ikaondoka, ikaja ikaondoka, na sijui kama nililala au la. Nilimwona mama akitembea pale ukingoni, miguu mitupu, haina bandeji, nyayo zake zikijaa maji nyuma yake. Hakuwa na haraka. Alikuwa msichana na alikuwa mama yangu, vyote kwa pamoja, na hilo halikunishangaza. Nilipofungua macho nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Nikajaza kopo la aiskrimu. Jioni, nyumbani kwa wazazi wa mwenzangu, nikauosha mchanga ule kwenye bomba la uani, mara tatu, hadi maji yakatoka safi kama ya kunywa. Nikauanika juu ya gazeti. Nilijiona mtu wa maana sana. Madrasa ya Buyenzi, mtaa wetu wa utotoni, niliisoma mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na siku ya somo la tayamamu bila shaka miguu yote ilikuwa nje.

Brussels nilipokelewa na mvua. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikamwekea kopo mapajani, nikafungua. Akaweka viganja juu ya mchanga, akavibonyeza, akaviinua. Vilikuwa safi. Chembe mbili tatu zilianguka.

"Ni muzuri," alisema. Kisha, taratibu, "Vumbi iko wapi?"

"Niliuosha, maman. Mara tatu."

Akanitazama. Vumbi ndilo linalotakiwa, mchanga uliooshwa haupakiki, hilo mtoto wa madrasa wa miaka minane analijua. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alifunika kopo kwa upole, akasema, "Bon. Nitakuwa ninauangalia." Afadhali angenitukana.

Nikaanza kupakua begi pale pale kwa hasira, nguo za kufua huku, nguo za kufua kule. Kitenge nilikitupa juu ya kiti cha pili, kikatoa wingu. Mvua ilikuwa imekatika, mwanga ulikuwa umeingia dirishani, na vumbi likabaki limeninginia pale katikati ya chumba, rangi ya kahawa.

"Wacha," mama alisema. "Ile uliikalia wapi?"

"Kule juu, kwenye volkano."

"Ni udongo?"

"Udongo mtupu, maman. Hakuna mbwa kule, hakuna hata jani."

"Leta."

Nikamtandikia magotini. Alikuwa ameshaosha uso na mikono. Akapiga kitenge kwa viganja, akapaka uso. Akapiga tena, akapaka mikono hadi viwiko. Halafu akasali alaasiri akiwa amekaa kitini, mara moja tu. Hakurudia.

Alipotoa salamu ya mwisho, kulia, kushoto, uso wake ulinikuta nimesimama pale pale. Alikuwa na doa la vumbi chini ya jicho. Nikanyoosha mkono nimfute, kazi yangu ndiyo hiyo, nafuta watu kutwa. Akaukwepa.

"Wewe, mutoto," alisema, "usinioshe tena."