Kamera ya roketi na ndala kwenye maharage

Leo Nachingwea nimeona ndala ikipaa juu kuliko roketi za wanafunzi wangu.

Mnajua klabu yetu ya sayansi huku Mbekenyera. Tunarusha roketi za makaratasi, ila kila nikipiga picha kwa simu napata moshi tu. Ndiyo nikaenda kutafuta kamera ya mtumba, ya bei ya mwalimu.

Muuzaji, kaka mmoja mchangamfu, akanipa ndogo ya kijivu.
"Mwalimu, hii inadaka hata nzi akiruka."
Nikamwambia, "Basi rusha kitu nione."

Akavua ndala, akairusha kwa nguvu zote.
Nikabonyeza.
Ndala ikavuka bati la kibanda, ikatua kwenye sufuria ya maharage ya mama lishe wa jirani.

Mama akatokea, ndala iko kwenye upawa.
"Nani?"

Kaka akaninyooshea kidole. Mimi, niliyevaa viatu vyote viwili.
"Ni huyu mwalimu, mama. Anajaribu mambo yake ya roketi."

Nikamwonyesha mama kioo cha kamera. Kaka yupo hapo, mkono juu, mguu mmoja peku, ndala iko angani, hata uzi alioshonea mkanda unaonekana.

Mama akaitazama picha.
"Mwalimu, chukua hiyo kamera. Ni nzuri."
Akamgeukia kaka. "Na wewe chukua sufuria, maharage yote umenunua."

Nimelipia kamera kwa simu, nimemwacha kaka anamgawia maharage kila mteja anayeingia kibandani kwake. Mimi nimekula sahani mbili.

Sasa ananitumia ujumbe, anaomba nifute picha.
Jamani, nifute?